Jinsi ya Kuchagua Pikapu Mpya za Gitaa la Umeme la Bei Nafuu: Mwongozo Kamili

Magitaa mengi yanayoletwa kwenye meza yangu baada ya wenyewe kubadilisha pikapu (vile vipande vya sumaku na waya vinavyokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) hayana kosa la kulehemu. Kosa lilifanyika siku ya kununua: pikapu haiingii kwenye tundu lake, au sauti imekuwa nzito na butu kuliko ile ya mwanzo, au pikapu mbili zikiwashwa pamoja sauti inakonda na besi inapotea. Makosa yote matatu yanazuilika kabla hujatoa pesa, na ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye upimaji na uchaguzi kuliko kwenye ufungaji.

Nimeuandika kwa ajili ya gitaa la umbo la Stratocaster, modeli maarufu ya kampuni ya Fender, au linalokaribiana nalo, kama vile Squier Affinity, Yamaha Pacifica au Ibanez GIO, kwa sababu hayo ndiyo wanafunzi, wapiga gitaa wa kwaya na bendi changa wanayonunua zaidi. Ninaposema pikapu ya koili moja ninamaanisha ile nyembamba yenye koili (waya uliosukwa mizunguko mingi) moja tu na nguzo sita, moja chini ya kila uzi, katika mstari mmoja, na ninaposema hambaka ninamaanisha ile pana yenye koili mbili zilizosukwa kinyume ili kufuta mngurumo wa umeme.

## Vifaa vinavyohitajika

Kwa kuchagua:

- Rula yenye milimita, au kalipa ukiweza kuipata
- Maltimita (kifaa cha kupimia umeme) ya kawaida yenye kipimo cha omu 20,000 na kipimo cha milivolti za DC
- Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa ndogo
- Waya wa gitaa ulio mzima na seti moja ya nyuzi mpya
- Dira ndogo, hata ile ya mkufu wa funguo
- Daftari na simu ya kupiga picha

Kwa kufunga, ongeza pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, risasi ya kulehemu yenye dawa ya utomvu ndani yake, koleo ndogo na utepe wa umeme. Usitumie dawa ya asidi ya mafundi bomba, kwani huendelea kula shaba miezi mingi baada ya kazi kwisha. Vifaa hivi vyote vinapatikana katika maduka ya vipuri vya elektroniki, iwe ni Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba tatizo ni pikapu

Funga nyuzi mpya kwanza, kisha upige kwa kutumia waya mwingine. Nyuzi zenye kutu huua sauti kali za juu, na hakuna pikapu inayoweza kurudisha kile ambacho uzi wenyewe hautoi.

Halafu angalia gitaa linachomekwa wapi. Hapa ninaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu hili limewapotezea watu wengi fedha zao. Katika makanisa na kumbi nyingi gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye miksa, na tundu la kawaida la miksa huwa na ukinzani wa kiloomu (omu elfu) 10 hadi 50 tu, wakati amplifaya ya gitaa huwa na takriban kiloomu 1,000. Pikapu ya kawaida isiyo na betri haina nguvu ya kulisha mzigo mzito kama ule wa miksa, hivyo sauti za juu hunywewa palepale na gitaa likasikika kana kwamba limefunikwa kwa blanketi. Ukibadilisha pikapu na kuendelea kuchomeka hapo, blanketi litabaki. Dawa yake ni kisanduku cha DI (kinachokaa kati ya gitaa na miksa) chenye umeme wake, au tundu la miksa lililotengwa kwa ajili ya gitaa.

Mwisho, rekebisha kimo cha pikapu ulizonazo. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi kati ya sehemu ya chini ya uzi na ncha ya nguzo. Kwa koili moja anza na milimita 2.4 upande wa uzi mnene na milimita 2.0 upande wa uzi mwembamba. Kwa hambaka ya kwenye daraja (mahali nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa) anza na milimita 1.6, na kwa hambaka ya kwenye shingo milimita 2.4.

Dalili ya kufaulu: umepiga kwa nusu saa kupitia amplifaya halisi ya gitaa, ukiwa na nyuzi mpya na kimo sahihi, na bado unaweza kutaja kwa maneno kitu usichokipenda. Kama huwezi kukitaja, gitaa lako halihitaji pikapu mpya.

## Hatua ya 2: Andika sauti unayoitafuta

Usiandike "nataka sauti nzuri". Andika muziki unaoupiga, nafasi yako katika bendi, na kile kinachokukera sasa hivi.

Mpiga solo wa sebene huishi kwenye freti za juu, akipiga noti moja moja kwa kasi na mwangwi ukifuata nyuma yake. Anahitaji kila noti itoke ikiwa imejitenga na mwenzake, hivyo pikapu yenye nguvu nyingi humharibia kazi kwa sababu hukandamiza noti na kuzibandika pamoja. Solo ya benga hali kadhalika inataka ukali na mkato. Kwa wapigaji hawa wawili, koili moja za nguvu ya kawaida zenye sumaku ya alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) 5 ndizo ninazopendekeza kila mara, na sijawahi kujutia ushauri huo.

Mpiga rithim wa dansi anayecheza kodi nzimanzima kwa saa nne usiku hupenda sauti iliyo laini kidogo, ambayo haitashindana na solo wala saksofoni. Kwake yeye pikapu ya kwenye shingo ndiyo muhimu zaidi, na alniko 2 au hambaka ya nguvu ndogo humfaa vizuri.

Anayepiga roki nzito kwa distosheni (sauti iliyokwaruzwa makusudi) anahitaji hambaka kwenye daraja, kwa sababu distosheni hukuza mngurumo pamoja na sauti. Anayepiga katika kwaya, ambako wimbo mmoja ni taratibu na unaofuata ni sebene, atafaidika zaidi na mpangilio wa hambaka moja kwenye daraja na pikapu mbili za koili moja.

Zingatia pia jengo unalopigia. Mahali penye taa za mirija, dima na waya wa ethi usioaminika, koili moja zitanguruma kwa mawimbi ya hezi 50 na vizidisho vyake, hata zikiwa za bei ya juu kiasi gani.

Dalili ya kufaulu: una sentensi mbili katika daftari ambazo muuzaji au fundi akizisoma ataelewa unachotaka bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 3: Pima matundu kabla ya kuangalia bei

Kijana mmoja, mpiga solo wa kwaya, aliniletea hambaka mpya iliyokuwa bado ndani ya kisanduku, pamoja na gitaa lenye pikapu tatu za koili moja. Alikuwa ameweka akiba miezi mitano. Nilipoondoa bamba la mbele tulikuta mbao imechimbwa matundu matatu membamba, na la kwenye daraja lilikuwa jembamba mno kwa karibu sentimita mbili. Ilibidi tuchague kati ya kupasua mbao na kuuza hambaka. Aliiuza kwa hasara, na vipimo vya dakika kumi vingemwokoa.

Legeza nyuzi, fungua skrubu za bamba, ligeuze polepole bila kukata waya wowote, kisha upige picha. Pima na uandike mambo yafuatayo.

Umbo la tundu katika mbao. Magitaa mengi ya bei nafuu yamechimbwa shimo moja kubwa kama beseni chini ya bamba. Likiwa hivyo una bahati, kwa kuwa pikapu yoyote itaingia na utakachohitaji ni bamba lenye matundu yanayofaa. Yakiwa matundu membamba, baki na koili moja, au nunua hambaka iliyobanwa katika umbo la koili moja, kama Hot Rails au Little '59 za kampuni ya Seymour Duncan.

Kina. Pima kutoka usawa wa juu wa mbao hadi sakafu ya tundu. Baadhi ya magitaa ya bei nafuu yana mwili wenye unene wa milimita 40 hivi badala ya 45 za Stratocaster ya kawaida, na matundu yake ni mafupi kwenda chini. Pikapu yenye sumaku bapa iliyobandikwa chini ni nene kuliko yenye sumaku ndani ya nguzo. Linganisha kina chako na mchoro wa mtengenezaji, kisha acha milimita tatu za ziada kwa ajili ya nyaya na springi.

Upana wa nyuzi. Pima kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, hapohapo juu ya pikapu na wala si kwenye daraja. Hambaka za mtindo wa Gibson zina nguzo zilizotandazwa takriban milimita 49 hadi 50, ilhali zile zilizotengenezwa kwa ajili ya madaraja mapana huwa na milimita 51 hadi 53. Nguzo zikikosea uzi kwa milimita moja hutasikia tofauti, na anayekuambia vinginevyo anakutisha bure. Zikikosea kwa milimita tatu au zaidi, uzi wa pembeni utaanza kufifia unapouvuta.

Matundu ya skrubu. Pima kutoka katikati ya skrubu moja hadi katikati ya nyingine, kwa sababu baadhi ya viwanda hutumia vipimo vyao wenyewe.

Dalili ya kufaulu: una mambo hayo manne kwa kila pikapu unayotaka kubadilisha, na picha ya nyaya inayoonyesha kila rangi imeshikwa wapi.

## Hatua ya 4: Soma vipimo vya umeme vya gitaa lako

Kazi hii hufanyika hata bila kufungua gitaa. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua volyumu yote, kisha weka ncha za maltimita kwenye ncha na kwenye shina la plagi ya upande wa pili. Pitisha swichi katika kila nafasi na uandike ukinzani. Utapata namba iliyo chini kidogo ya ile halisi, kwa sababu volyumu nayo inahesabiwa. Pikapu ya kiloomu 6.0 kwenye volyumu ya kiloomu 250 itasoma karibu 5.9.

Bamba likiwa wazi, tazama mgongo wa volyumu na toni. Mara nyingi utakuta chapa kama A250K au B500K. Namba ndiyo thamani, na herufi katika vipuri vya Asia huonyesha namna inavyopanda: A hupanda kwa kufuata sikio, wakati B hupanda kwa mstari mnyoofu na kulifanya gitaa lionekane kuzimika ghafla mwishoni mwa mzunguko.

Thamani hii huamua sauti kuliko wengi wanavyodhani. Koili moja huzoea 250, na hambaka huzoea 500. Hambaka ikifungwa kwenye 250 hupoteza makali yake, na mwenye gitaa huilaumu pikapu. Kama gitaa lako lina hambaka na koili moja pamoja kwenye volyumu moja, tumia 500, kisha lehemu rezista (kipande kidogo chenye ukinzani maalumu) ya kiloomu 470 kati ya nyaya mbili za kila koili moja. Swichi inapokwenda kwenye koili moja, mzigo utakuwa takriban 242, na ukali wa ziada utatulia.

Dalili ya kufaulu: unajua ukinzani wa kila pikapu, na unajua kama volyumu itabadilishwa au itabaki.

## Hatua ya 5: Soma namba za muuzaji kwa uangalifu

Kosa lililoenea kuliko yote ni kuchukua ukinzani kuwa ndiyo nguvu ya pikapu. Ukinzani huonyesha urefu na wembamba wa waya uliosukwa, basi. Waya mwembamba zaidi hupandisha ukinzani hata pale ambapo mizunguko haijaongezeka kwa kiasi hicho. Utumie kulinganisha pikapu za aina moja: koili moja ya kawaida huwa na kiloomu 5.5 hadi 6.5, hambaka ya kawaida 7 hadi 9, na hambaka ya nguvu 13 hadi 17. SSL-1 ya Seymour Duncan ina takriban 6.5, '59 ya daraja ina 8.1 hivi, na JB ina karibu 16.4.

Kumbuka pia kwamba shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda kwa asilimia 0.4 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Pikapu iliyoandikwa 8.0 ikiwa imepimwa kwenye nyuzi 20 itasoma karibu 8.4 mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32. Nimeona mtu akirudisha pikapu nzima kabisa kwa sababu hiyo peke yake.

Namba inayoeleza sauti zaidi ni induktansi, yaani jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya umeme, inayopimwa kwa henri. Pikapu na waya wa gitaa kwa pamoja hutengeneza kilele, mahali ambapo sauti hung'aa, na juu ya kilele hicho sauti hukatika. Koili moja ya henri 2.3 ikiwa na waya wa mita sita hung'aa kwenye hezi 4,000 hivi. Hambaka ya nguvu yenye henri 8 kwa waya huohuo hushuka hadi hezi 2,100. Ndiyo maana aliyetaka "nguvu zaidi" hurudi akilalamika kwamba gitaa limekuwa zito. Muuzaji akitaja henri, mpe umuhimu mkubwa kuliko anayetaja kiloomu tu.

Kuhusu sumaku, koili moja za bei nafuu mara nyingi huwa na nguzo za chuma cha kawaida na kipande cha sumaku ya seramiki kilichobandikwa chini. Kuhamia kwenye nguzo za alniko halisi ndiyo tofauti iliyo rahisi kuisikia kuliko zote, kwa sababu chuma huongeza induktansi na kupunguza ung'avu. Hata hivyo seramiki si ubovu. Hambaka za seramiki zilizosukwa vizuri hubana besi na kufaa sana kwa distosheni.

Pikapu zinazotumia betri ya volti 9 ziache kwa sasa. Zinahitaji volyumu za kiloomu 25, nafasi ya betri ambayo gitaa lako halina, na jeki ya aina yake.

Onyo: pikapu yenye jina kubwa inayouzwa kwa robo ya bei yake ya kawaida ichukulie kuwa ya kughushi mpaka ithibitike vingine. Ni afadhali kununua pikapu ya chapa nafuu kama Wilkinson au Artec iliyo halisi kuliko kununua jina lililobandikwa.

## Hatua ya 6: Amua idadi na bajeti

Badilisha moja kwanza, ile unayoitumia zaidi. Ninashauri gharama isizidi nusu ya thamani ya gitaa lenyewe, na kama funguo za kukazia nyuzi haziwezi kushika chuni kwa wimbo mzima, fedha hiyo ianzie huko.

Ukinunua seti ya pikapu tatu za koili moja, uliza kama ya kati imesukwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Seti ya namna hiyo hufuta mngurumo katika nafasi ya 2 na ya 4 ya swichi, ambako ya kati huwashwa pamoja na nyingine, na nafasi hizo mbili ndizo wapigaji wa rithim wanazozipenda sana.

## Hatua ya 7: Kagua pikapu inapofika mkononi

Pima ukinzani. Ukisoma sifuri au namba isiyo na mwisho, koili imeungana au imekatika, irudishe.

Kisha pima uelekeo, jambo ambalo karibu kila mtu huliruka. Weka maltimita kwenye milivolti za DC, ncha nyekundu kwenye waya wa sauti na nyeusi kwenye ethi. Laza ubapa wa bisibisi juu ya nguzo, halafu uuondoe kwa haraka. Namba itaruka kwenda chanya au hasi. Fanya hivyohivyo kwa pikapu ya zamani inayobaki. Zikiruka upande mmoja, zitashirikiana. Zikipingana, sauti itakonda zikiwashwa pamoja. Dira nayo itakuonyesha kama sumaku ya kati imegeuzwa kweli.

Zikipingana, badilishana waya wa sauti na wa ethi kwenye ile mpya. Onyo: usifanye hivyo kwa pikapu yenye kifuniko cha chuma au kinga iliyoshikamana na waya wa ethi, kwani kifuniko kitabeba sauti na kunguruma kila ukikigusa.

Kwa hambaka yenye nyaya nne, rangi hutofautiana kati ya watengenezaji. Kwa Seymour Duncan, nyeusi ni sauti, kijani na ule usio na ganda ni ethi, nyekundu na nyeupe huunganishwa pamoja. Kwa DiMarzio, nyekundu ni sauti, kijani na ule usio na ganda ni ethi, nyeusi na nyeupe huunganishwa.

## Hatua ya 8: Funga

Kama uchaguzi ulikwenda sawa, kazi hii ni fupi. Fungua madirisha, pasha pasi hadi nyuzi 350 hivi, na ulehemu waya mmoja baada ya mwingine kwa kufuata picha yako. Gusa mgongo wa volyumu kwa sekunde zisizozidi tano, kwani joto likikaa huharibu njia ya kaboni iliyo ndani. Lehemu nzuri hung'aa na kutandaa. Iliyoganda kama tone la kijivu irudie. Nawa mikono kabla ya kula, kwa kuwa risasi ni sumu.

Kabla ya kufunga skrubu, chomeka amplifaya na ugonge kila pikapu taratibu kwa bisibisi. Katika kila nafasi ya swichi, mlio wa kugonga usikike kwenye pikapu inayohusika tu.

## Hatua ya 9: Rekebisha kimo na usikilize

Anzia kwenye vipimo vya hatua ya 1, lakini usirudishe kimo cha pikapu za zamani. Nguzo za alniko 5 huvuta nyuzi kwa nguvu zaidi kuliko seramiki iliyobandikwa chini, na zikiwa karibu mno uzi mnene unaopigwa freti za juu hutoa sauti inayoyumba kana kwamba chuni imepotea. Ukisikia hivyo, shusha robo mzunguko kwa kila skrubu mpaka kuyumba kuishe.

Sawazisha pikapu ya shingo na ya daraja. Ya shingo hukaa mahali uzi unapotikisika zaidi, kwa hiyo ndiyo hushushwa, na ya daraja hupandishwa.

Dalili ya kufaulu: ukigusa nyuzi mngurumo hupungua badala ya kuongezeka, ukihamisha swichi sauti hubadilika tabia bila kupanda wala kushuka ghafla, na nafasi za pikapu mbili zina besi yake kamili. Soma tena zile sentensi mbili za hatua ya 2 ukiwa na gitaa mkononi.

Pikapu za zamani zifunge kwenye mfuko pamoja na skrubu na springi zake, nyaya zikiwa ndefu kama ulivyozikuta, na uandike juu ya mfuko kimo na ukinzani wake, ili siku utakapoliuza gitaa uweze kuzirudisha na kuhamishia zile mpya kwenye gitaa linalofuata.